Mzee Zubeiri na Vinanda Viwili

Wazee wa Tanga wanasimulia, na mjuzi wa yote ni Mwenyezi Mungu, kwamba katika mji wao alikuwepo mja mmoja aliyeitwa Mzee Zubeiri Mwinyimvua, mpigaji kinanda wa kikundi cha taarabu. Najua hapo wengine mmeshakunja uso. Mmezoea visa vya waja wema vianze na mtu aliyejitenga pangoni, au mama aliyekesha juu ya mswala, na leo nawaletea mtu wa maharusini. Hukumu ya ngoma na vinanda waulizeni wenye elimu yake; mimi nasimulia habari ya ulimi wa mtu na Mola wake. Mwenyezi Mungu huwaweka waja wake wema anapotaka, wala haombi ruhusa kwetu.

Mzee Zubeiri alikuwa mtu wa swala tano, mpole, asiyemtolea mtu neno zito isipokuwa mtu huyo awe anapiga fidla. Riziki yake, na ya binti yake Tatu aliyemlea peke yake tangu mama yake atangulie mbele ya haki, ilitoka vidoleni mwake. Na sikio lake lilikuwa na sifa pwani yote. Akisema ala hii imelegea, basi imelegea, hakuna rufaa. Watu walifikia hata kuapa kwa sikio la Zubeiri, jambo alilolikemea sana, na hawakuacha.

Zama hizo ndipo vilipoingia vinanda vile vikubwa vya umeme vinavyobeba kikundi kizima tumboni: udi, filimbi ya nai, fidla, ngoma, mpaka makofi ya watu wasiokuwepo. Viwili ndivyo vilivyotajwa mno, kimoja cheusi na kimoja rangi ya fedha. Majina ya viwanda nayaacha, maana wapo watu ambao mpaka leo hawaamkiani kwa ajili ya hayo. Cheusi kilisifiwa kwa uzito wa sauti na wingi wa mambo yaliyomo. Cha fedha kilisifiwa kwa nyimbo za Kiarabu: zile sauti nyembamba zinazokaa katikati ya sauti na sauti, ambazo udi huzipata na kinanda cha kawaida huzikosa, chenyewe kilizitoa kwa kubonyezwa mara moja tu. Vibarazani watu waligombana kana kwamba wanagawana urithi, na kuna kikundi kilichovunjika kabisa, nusu wakaenda na cheusi, nusu wakaenda na cha fedha.

Bi. Mwanamkasi, mama aliyekiongoza kikundi cha Mzee Zubeiri, hakutaka chake kivunjike. Akina mama walikuwa wamejinyima muda mrefu kukichangia chombo hicho, nao wangenunua kimoja tu, na wasingeweza kurudia.

"Achague Mzee Zubeiri," akasema. "Atakachokitaja yeye, ndicho. Asiongeze mtu neno."

Wote wakaridhia.

Sasa kikundi kile kilikuwa na desturi yake. Chombo hakichaguliwi kwa macho, kwa sababu macho hupenda kinachong'aa. Mchaguzi hukalishwa uso ukutani, watu wakawa mgongoni kwake, chombo kikapigwa, naye akasikiliza bila kujua ni kipi kinachopigwa. Basi wakaenda dukani kwa Bwana Alidina, aliyekuwa ameviweka vinanda vyote viwili mezani. Mzee Zubeiri akapewa kiti, akageukia ukuta. Tatu ndiye aliyepiga, kwa kuwa hapakuwa na mwingine katika kikundi aliyefunzwa kinanda, na baba yake alikuwa amemfunza mwenyewe nyumbani tangu utotoni.

Akapiga kwenye cha kwanza. Mzee akasikia udi ukitembea chini, akasikia ngoma, kisha akasikia kimya. Akangoja. Akadhani binti yake amesita, anatafuta pa kubonyeza. Kikapigwa cha pili, wimbo ule ule. Udi ukatembea, ngoma ikaitikia, kisha kimya kikarudi palepale. Lakini safari hii nyuma yake akasikia mtu akilia kwa kwikwi nzito, na Bi. Mwanamkasi kwa ile sauti yake nzito akisema, "Subhanallah!"

Hapo Mzee Zubeiri akafahamu kwamba muziki unaendelea na yeye hayumo.

Dalili alikuwa ameziona kabla, ndugu zangu, tusimdanganyie. Alikuwa ameanza kuongeza sauti ya kinanda maharusini na kusema umeme wa mji huu ni dhaifu. Mtu huweza kukaa na jambo ndani ya nyumba moja kwa muda mrefu bila kulisalimia.

"Haya, Mzee wetu," akasema Bi. Mwanamkasi. "Cha kwanza au cha pili?"

"Cha pili," akasema.

Alisema cha pili kwa sababu kwenye cha pili ndiko alikosikia watu wakilia. Akageuka, akakuta ni kile cha fedha, na duka zima ni vigelegele. Wale waliokuwa wa upande wa cheusi wakakubali kwa moyo mweupe, maana sikio la Zubeiri limesema. Bwana Alidina akamshika mkono akasema, "Mzee, sikio hili lingepaswa kuwekwa kwenye kabati la kioo." Mzee Zubeiri akatabasamu, na tabasamu lile, alikuja kusema baadaye, lilimuuma mashavu. Wakaagana kwamba kesho yake baada ya alasiri wakutane kwa Bi. Mwanamkasi, kisha waende kukichukua.

Nyumbani Tatu alimwekea baba yake chakula, furaha imemjaa.

"Baba, ile nai ya cha pili ilivyopanda pale mwisho! Watu wote machozi, na wewe umeinama tu, kama uko kwenye dhikri."

"Kulikuwa na nai?" akauliza baba.

Tatu akaliweka chini birika la maji. Akamtazama usoni, na akaelewa yote bila kuelezwa.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu ndege walipoacha kuja hapa dirishani alfajiri."

"Ndege wanakuja kila siku, baba."

Mzee Zubeiri akafunika uso. Alikuwa ameshawahesabu ndege wale kuwa wamehama mji. Tatu akasema, kwa upole wa mtoto anayemtetea mzazi wake, "Lakini umepatia. Ndicho walichokipenda wote. Hujamdhuru mtu, na hakuna atakayejua."

"Nimeulizwa nimesikia nini, nikatoa ushahidi, nami sikusikia," akasema. "Nimekisia kwa vilio vya watu. Nikipatia au nikikosea, uongo wangu ni ule ule, mwanangu. Na wale akina mama wamenikabidhi amana, hawakunikabidhi bahati nasibu."

"Ukisema watakuondoa kwenye kinanda. Tutakula nini?"

"Aliyetulisha kwa masikio haya hashindwi kutulisha bila ya masikio haya."

Maneno hayo ni mazuri, na aliyasema kwa imani, lakini moyo wake haukuyafuata mara moja. Njaa haikumtisha sana. Alichokiogopa ni kile kiti. Alikipenda kiti chake cha kinanda kama mtu apendavyo nyumba aliyozaliwa, na alijua kwamba neno moja tu litamwinua pale asikae tena. Kesho yake katika swala ya alasiri aliirefusha sijida yake mpaka aliyekuwa pembeni yake akamtupia jicho. Aliomba apewe ujasiri, kisha akaomba usikivu urudi, kisha akaona haya, akaomba ujasiri peke yake. Akatoka msikitini moja kwa moja hadi kwa Bi. Mwanamkasi.

Kikundi kizima kilikuwa pale. Akasimama mlangoni, hata kuketi hakuketi.

"Jamani, niwieni radhi. Jana nimewadanganya. Mimi sauti za juu sizisikii tena. Nai sikuisikia kwenye cha kwanza wala kwenye cha pili. Nilisikiliza vilio vyenu, nikachagua."

Ukimya ukaingia, na safari hii ulikuwa ukimya wa kweli. Wa kwanza kuuvunja alikuwa Mzee Kheri, mpiga fidla, rafiki yake wa miaka na miaka.

"Ngoja kwanza, Zubeiri! Kwa hiyo mwaka mzima huu unanigombeza mbele za watu, Kheri fidla yako haisikiki, Kheri umekula nini, Kheri kaza mkono... Mimi nimekaza mkono mpaka bega limeteguka! Nimebadilisha nyuzi! Nimekwenda kuombewa dua!"

"Nisamehe, Kheri. Sikuwa naisikia."

"Nilikuwa nimeshajiona nimekwisha," akasema Mzee Kheri, na hasira yake ikageuka huzuni. "Nililia kwa ajili ya hilo, wallahi. Kumbe nilikuwa napiga vizuri?"

"Huenda ulikuwa unapiga vizuri kuliko wakati wowote. Sijui. Waulize hawa."

"Alikuwa anapiga vizuri," wakasema akina mama kwa pamoja, na Mzee Kheri akaketi chini akalia na kucheka, akamwita Zubeiri majina ambayo hayafai kuandikwa, kisha akamvuta akamkalisha ubavuni pake. Huo ndio ulikuwa msamaha wake.

Bi. Mwanamkasi akauliza, "Mzee Zubeiri, unasikia nini hasa?"

"Chini nasikia. Udi nausikia, ngoma naisikia. Wewe bibi, alhamdulillah, una sauti nzito, nakusikia neno kwa neno."

"Na huko juu?"

"Huko juu anasikia Tatu."

Bi. Mwanamkasi akajitanda buibui lake, akaenda kwa Bwana Alidina, na kikundi kizima nyuma yake. Kile cha fedha kilikwisha kufungwa tayari. Akamwambia, "Ndugu yangu, niambie kweli. Katika vinanda hivi, kipo kinachoweza kupigwa na watu wawili?"

Bwana Alidina, Mola amjaalie kheri, angeweza kunyamaza akaiokoa kazi yake ya kufunga. Akasema, "Kipo. Hiki cheusi unaweza kukigawa katikati. Nusu ya kushoto ukaiwekea udi na vitu vizito, nusu ya kulia ukaiwekea nai na fidla, kila nusu na sauti yake. Cha fedha hakifanyi hivyo. Ila kwenye cheusi zile sauti za Kiarabu hazipo tayari. Itabidi mzitengeneze moja moja kwa jasho."

"Nitazitengeneza," akasema Tatu.

Basi kikafungwa cheusi. Fikirini hapo. Lau mzee angenyamaza, wangerudi nyumbani na kinanda kizuri kabisa, nacho kisingemfaa.

Harusi ya kwanza waliyopiga ilikuwa mtaani Chumbageni. Watu wakastaajabu kuona benchi moja limekaliwa na wawili, baba kushoto na binti kulia, na Mzee Kheri na fidla yake pembeni, bega limepona. Mzee Zubeiri alipiga nusu yake. Ilipofika zamu ya nai, kile kimya alichokizoea kikamjia, lakini safari hii hakukiogopa. Alitazama vidole vya mwanawe vikipanda huko asikoweza kufika, akapunguza mkono wake ili asimfunike. Kisha akainua macho, akaona bibi yake bwana harusi, kikongwe aliyekuja kwa kushikiliwa, anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Alhamdulillah!" akasema Mzee Zubeiri, na kwa kuwa hakujua tena kipimo cha sauti yake, aliitoa kwa nguvu hata ukumbi mzima ukasikia. Waimbaji wakapotea katikati ya ubeti, watu wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akakosea. Tatu peke yake hakuacha kupiga.

Enyi wapenzi, sisi humshukuru Mola kwa kile kilichotufikia, na hata hapo tunasahau. Mzee yule alishukuru kwa nai ambayo hakuisikia, kwa kuwa wengine waliisikia, na kwa kuwa mpigaji alikuwa mwanawe. Mola atujaalie shukrani ya namna hiyo, na kabla yake atujaalie ule ujasiri wa mlangoni kwa Bi. Mwanamkasi. Amin.