Waziri Mcheshi na Ufunguo wa Lwifwa

Aulizaye kwa wino hajibiwi kwa kicheko. Jana kwenye mkutano wa kijiji mlimsikia mzee Ambakisye akiyasema maneno hayo, mkaona mtendaji alivyokatisha kicheko chake kama mtu aliyemeza nzi. Leo mmenijia mnataka kujua yalitoka wapi. Basi vuteni vigoda, kila mmoja achukue kisu, maana viazi hivi havitajimenya. Nitawapa chanzo chake, wala sitawapa ya kusikia. Yalipotamkwa mara ya kwanza nilikuwapo, nimembeba baba yako mgongoni, Sekela.

Kituo cha afya mnachokiona pale juu, chenye bati jekundu, kilijengwa kabla baba yako hajazaliwa. Kilipakwa rangi, kikawekewa vioo, na siku ya uzinduzi waziri mwenyewe akaja kukata utepe. Tulicheza ngoma tukapewa soda. Jioni magari yakaondoka, mlango ukafungwa, na haukufunguliwa tena. Kuku wakataga kwenye baraza. Sisi wanawake tukaendelea kubebwa kwa machela, kuvuka Mto Lwifwa kwenda hospitali ya ng'ambo, kama mama zetu walivyobebwa.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kwenye machela, katikati ya mto, maji yakiwa viunoni mwa wabebaji. Hakulia. Nilipopata mimba ya pili sikumwuliza mtu mwingine lolote ila lile moja: kituo kitafunguliwa kabla ya masika, au mto utatukuta tena?

Mbunge wetu alikuwa Tusekile Mwakajinga, aliyewahi kuwa karani wa chama cha ushirika cha pareto. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Alikuwa jirani yetu, na alijua nilichozika. Akasimama Bungeni, akauliza kwa mdomo mbele ya wenzake wote: kituo cha Lwifwa kitafunguliwa lini?

Waziri wa Huduma za Vijijini alikuwa Mheshimiwa Lugendo. Mtu yule alikuwa na ulimi, nawaambia. Angeweza kumchekesha mfiwa kaburini. Tena alitoka kwa watu wa nchi kavu, watani wetu tangu enzi za mababu, na mnajua sheria ya utani: mtani akikucheka hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa, na kijiji kizima kitakutoza faini ya kuku.

Sote tulikuwa tumezunguka redio ya mume wangu, Andengenye. Tukamsikia Lugendo akiinuka.

"Mheshimiwa Spika, mtani wangu huyu anatoka mahali penye baridi ambayo hata malaria huvaa sweta. Nimefika Lwifwa mimi. Magonjwa yote yamehama kwa baridi. Kituo kimefungwa kwa kukosa wagonjwa."

Bunge likavunjika mbavu. Redio ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Spika naye, sauti ikitetemeka kwa kicheko, akasema tuendelee na swali linalofuata. Swali letu likawa limekwisha namna hiyo. Hapakuwa na aliyelikataa, wala aliyelijibu.

Tusekile aliporudi likizo alikuja moja kwa moja kwangu. Nilikuwa nachambua maharage. Akakaa, akachukua ungo mwingine.

"Dada Tuse," nikamwambia, "lazima nikwambie. Mimi pia nilicheka."

"Ulicheka?"

"Ile ya sweta. Ilinitoka kabla sijakumbuka ni kituo gani kinachozungumzwa."

Akatupa mawe ya maharage mlangoni. "Hata mimi nilikaribia, Ngwisa. Niliuma midomo. Mtu akikuchekesha, ukishacheka umeshamsamehe. Hilo analijua yule."

"Basi mkasirikie."

"Mtani? Nikimkasirikia watanicheka mimi." Akanitazama tumbo. "Nitamwuliza mahali ambapo hakuna wa kucheka."

Sikumwelewa. Mbunge, wajukuu zangu, ana njia mbili za kuuliza. Anaweza kusimama ukumbini, ajibiwe palepale mbele ya watu. Au anaandika swali, linapelekwa wizarani, na waziri analazimika kulijibu kwa maandishi, atie sahihi, kisha swali na jibu vichapwe pamoja kwenye taarifa rasmi za Bunge. Zamani hizo wabunge wengi waliidharau njia hiyo ya pili. Nani atakupigia makofi kwa karatasi? Nani atakusikia redioni? Tusekile akaichukua hiyo iliyodharauliwa.

Jibu la kwanza lilirudi na sahihi kubwa ya Lugendo. Lilisema: "Suala hili linashughulikiwa na idara zinazohusika." Wabunge wenzake wakamwambia, haya, umejibiwa, shukuru. Tusekile hakushukuru. Alilisoma jibu kama mtu anayechagua mbegu, akaona ndani yake hamna hata punje ya kupanda. Linashughulikiwa na nani? Idara zipi? Akaketi kuandika tena, na safari hii hakuuliza habari ya afya, wala maendeleo, wala mipango ya serikali. Aliuliza hivi:

"Ufunguo wa mlango wa mbele wa Kituo cha Afya cha Lwifwa uko kwa nani, ana cheo gani, na anangoja nini ili autoe?"

Swali hilo ni dogo, lakini jaribuni kulikwepa. Ufunguo ni kitu. Hauwezi kuwa kwenye mchakato. Uko mfukoni mwa mtu, au uko kwenye droo ya mtu, na mtu huyo ana jina.

Yaliyotokea wizarani tuliyapata kwa Lugendo mwenyewe, baadaye, na hakuficha. Alisema aliliona swali, akatabasamu, akamwita katibu muhtasi wake, Mama Kilale, akamtamkia jibu: "Mweleze mtani wangu kwamba ufunguo umemezwa na fisi wa kwao, na fisi mwenyewe amekufa kwa baridi." Mama Kilale alicheka hadi akafuta macho. Akaenda kulichapa, akarudi nalo likiwa limenyooka, na mstari mtupu chini kwa ajili ya sahihi.

Lugendo akashika kalamu. Akasoma. Akasoma tena.

"Mama Kilale, umelichapa vibaya hili?"

"Nimechapa ulivyosema, Mheshimiwa."

"Mbona halichekeshi?"

"Sijui, Mheshimiwa. Ulipolisema lilichekesha."

"Hebu lisome kwa sauti."

Akalisoma. Ofisini palikuwa na watu wawili tu na saa ya ukutani. Jibu lililomtoa machozi muda mfupi uliopita lilikuwa limelala kwenye karatasi kama ugali wa jana.

"Na nikitia sahihi hapa?"

"Litachapwa, Mheshimiwa. Litakuwa ndilo jibu la serikali."

Hapo ndipo Lugendo alipotambua alikokuwa. Utani unahitaji uso. Unahitaji mtani aliyesimama mbele yako, na watu pembeni wa kukuitikia. Karatasi haina uso, haiitikii, na haisahau. Atakayeisoma miaka ijayo hatamwona Lugendo akipepesa macho. Ataona waziri aliyeulizwa ufunguo wa kituo cha afya, akajibu fisi.

Akalichana. Akatoka mwenyewe, bila msaidizi, akaenda kuutafuta ufunguo.

Alianza idara ya majengo. Mkuu wa idara akafungua droo, na ufunguo ukawa umo, bado umefungwa kwa kipande cha utepe mwekundu alioukata Lugendo kwa mkono wake siku ya uzinduzi.

"Kwa nini uko hapa?"

"Tunangoja watu wa dawa waje kulipokea jengo, Mheshimiwa."

Akaenda idara ya dawa. Wakamwambia wao hawawezi kupeleka dawa mahali pasipo na mganga. Wanangoja idara ya watumishi. Akaenda idara ya watumishi. Nao wakashangaa kuulizwa.

"Mheshimiwa, tumpeleke mganga kwenye jengo lililofungwa? Alale wapi? Tunangoja lifunguliwe."

Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mwizi. Kila mmoja alikuwa anangoja kwa adabu. Na Lugendo akagundua kwamba idara zote hizo ziko kwenye ujia mmoja, na saa nne asubuhi wakuu wake wote humimina chai kutoka birika moja. Walikuwa wakipeana sukari kila siku na hawajawahi kupeana ufunguo, kwa sababu hapakuwa na aliyewahi kuuliza uko kwa nani.

Aliwaita mezani kwake, akawawekea swali la Tusekile mbele yao. "Lazima nitie sahihi chini ya jibu la hili," akawaambia. "Mnataka majina yenu yawe juu ya langu au yasiwepo?"

Jibu lililokuja Bungeni lilikuwa fupi: ufunguo ulikuwa kwa mkuu wa idara ya majengo, alikuwa akingoja wenzake, wenzake walikuwa wakimngoja yeye, umeshatolewa. Hapakuwa na mzaha ndani yake. Lori la vitanda lilipanda mlima huu matope ya kwanza yakianza, na nyuma yake mganga, wakunga, na masanduku ya dawa.

Baba yako alikuja usiku wa mvua kubwa, Sekela. Nikiwa kitandani pale juu niliusikia mto ukinguruma bondeni, wenye nguvu, wenye hasira, na mimi sikuwa ndani yake. Mkunga aliniuliza kwa nini nalia wakati uchungu haujashika sawasawa. Kisha mtoto akalia, kwa sauti, kama anayedai kitu chake, nami nikanyamaza ili nimsikilize.

Mvua zilipokwisha Lugendo akaja. Safari hii hapakuwa na utepe. Tusekile alimpokea barazani na kuku jike chini ya kwapa, na kitu cha kwanza alichomwambia ni, "Mtani, huyu ametaga hapa tangu ulipofunga mlango. Unadaiwa kodi yake ya nyumba."

Watu wakaangua kicheko, na Lugendo akacheka kuliko wote. Hapo ndipo alipotusimulia yote, fisi na Mama Kilale na birika la chai, akijicheka mwenyewe. Nilimheshimu siku ile. Si kila mkubwa anaweza kusimama mbele ya watu aliowacheka akawapa zamu yao.

Alipomaliza, kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. Kijana huyo ndiye mzee Ambakisye wa jana, wakati huo ana nywele kichwani.

"Mheshimiwa, na barabara je? Itajengwa lini?"

Tukamwona Lugendo macho yakimng'aa. Ulimi ulishapata harufu ya mzaha. "Ah, barabara ya Lwifwa," akaanza, "barabara ambayo hata konokono..."

Tusekile alichomoa kalamu kwenye kilemba chake, akaifungua kifuniko.

Lugendo akaiona. Akafunga mdomo. Baraza zima tukamtazama mtu yule akimeza utani wake mtamu, tonge zima, bila maji. Kisha akamgeukia Ambakisye.

"Ndugu yangu," akasema, "nilikuwa na jibu zuri sana. Lakini mtani wangu ameshika kalamu, na aulizaye kwa wino hajibiwi kwa kicheko. Nitakujibu kwa barua."

Maneno yakabaki hapa Lwifwa. Barabara nayo ilikuja, ingawa hiyo ina masimulizi yake na maswali yake mengi.

Sasa wewe, Sekela, mbona umeweka kisu chini? Najua. Jana ulimwuliza mtendaji kwa nini pampu ya kisima imefungwa kufuli, akakwambia ukiolewa utachotewa maji na mumeo. Watu wakacheka. Nilikuona na wewe midomo ikikucheza. Usijilaumu, mimi nilianza zamani. Daftari liko juu ya kabati, na kalamu ya bluu ndiyo inayoandika. Ila nawa mikono kwanza, usimpelekee mtendaji wanga wa viazi. Kisha andika jambo moja tu: ufunguo wa kufuli hilo uko kwa nani. Acha nafasi chini kwa sahihi yake. Aulizaye kwa wino, mjukuu wangu, hajibiwi kwa kicheko.