Jiwe la Bi Kuvumwani

Hapo zamani za kale, wanangu, mimea ilipokuwa ikijibizana na wanyama, aliishi Bi Kuvumwani juu ya jiwe moja kando ya kijito. Ndio ule mmea mfupi, laini, unaotandaa kwenye mawe kama zulia. Miguu hana, kucha hana, lakini maringo alikuwa nayo ya kutosha. Alizaliwa juu ya jiwe lile, na wanawe wote aliwalea papo hapo.

Kiangazi kimoja akaja Bwana Mondo, paka wa mwituni mwenye madoadoa na miguu mirefu. Mkewe alitaka baraza lenye upepo, naye jiwe akalipenda. Akatoa kucha, akatangaza kwamba atamkwangua bibi huyo na watoto wake, libaki jiwe tupu.

Jua lilikuwa limemkausha Bi Kuvumwani hadi akawa kahawia. Aliogopa sana kwa ajili ya wanawe, ila akamjibu kwa maringo yake yale yale:

"Nikwangue, baba, lakini watakucheka. Wewe unayedaka ndege hewani, ujisifie kumshinda bibi aliyekauka? Ngoja mvua inyeshe ninawiri, kisha uwaite majirani. Uruke kutoka ng'ambo ya kijito, mara moja tu, utue juu yangu. Ukisimama, jiwe ni lako. Ukianguka, usinirudie tena."

Mondo alipenda sifa kuliko nyama. Akakubali, akaenda kumwambia kila aliyekutana naye. Jirani yake bibi, Pimbi, akamshauri ahame mapema. Ahame kwa miguu ya nani?

Mvua ikaja, ikanyesha kutwa nzima. Kulipokucha Bi Kuvumwani alikuwa kijani kibichi, amelowa chepechepe, ananing'iniza matone kama hereni. Majirani wakajaa. Mondo akajinyoosha mbele ya mkewe, akarudi nyuma, akaruka. Na aliruka vizuri, tusimdhulumu.

Akatua kwa miguu yote minne. Tereee! Kucha zikatafuta pa kushika, zikakosa. Chubwi, kijitoni!

Alipotoka, maji yakimchuruzika, mkewe alikuwa ameshaondoka kwa aibu.

"Bibi, mbona siku ile ulikuwa mkavu, na leo unateleza?" akauliza.

"Siku ile ndiyo ungenikwangua," akajibu Bi Kuvumwani, amejitandaza na wanawe juu ya jiwe lao. "Kuruka siwezi, Bwana Mondo. Ila siku ya kurukiwa niliichagua mimi."

Basi wanangu, hadithi imefika nyumbani: mwenye nguvu asikuchagulie siku ya kupambana naye.