Jina la Binti wa Kisa

Hapo zamani, wala si zamani ya kubahatisha: ilikuwa Alhamisi ya pili ya mwezi wa Aprili, saa tatu kasorobo asubuhi, wanawake wa kanisa kutoka Kyela walipovuka Mto Songwe kuingia Malawi, kuwahudumia akina mama na watoto waliofukuzwa makwao na mafuriko. Wapo wanaosema ilikuwa Ijumaa. Wanakosea, kwa kuwa Ijumaa wageni walikuwa wamekwisha kuanza kufunga. Tuwaache na Ijumaa yao.

Katika darasa walimohifadhiwa watu, walimkuta Kisa, mjane kijana, homa imemshika, ziwa limekauka, na binti yake wa wiki tatu hana tena nguvu ya kulia. Kisa hakuwa na mama wala dada. Alimtazama kila aliyeingia, akiwaza jambo moja tu: je, huyu atamchukua mwanangu?

Tumpe, mmoja wa wanawake wale wa kanisa, alimchukua. Alikuwa na mwanawe mgongoni, bado ananyonya. Akampa mwanawe ziwa la kushoto, akampa binti wa Kisa la kulia.

Lakini wanawake hao walikuwa wameweka nadhiri ya kufunga siku tatu, wakiwaombea waliofiwa. Tumpe naye akafunga, akiona haya kula peke yake. Jumamosi mchana maziwa yakapungua, watoto wote wawili wakalia.

"Kula, mdogo wangu," akasema Lugano, kiongozi wa maombi.

"Nile wenzangu wakinitazama? Siwezi, dada."

Lugano hakubishana. Akaenda jikoni, akarudi na sinia la wali na samaki, akaketi katikati ya wanawake wote, akala mpaka akalamba vidole. "Haya, mwenye dhambi wa kwanza ni mimi," akasema. "Wa pili na asogee."

Tumpe akasogea. Jioni ile wenzake wakamvua Lugano uongozi.

Naye Bibi Subilaga, mkubwa wao kwa umri, alimkanda Kisa kifua kwa maji ya moto, akamnywesha uji wa ulezi, akamweka mtoto kwenye ziwa lile kavu asubuhi, mchana na jioni. Mtoto alilia, watu wakalalamika.

"Bibi, unamtesa! Mpe Tumpe!"

"Atapewa. Kwanza ayaamshe maziwa ya mama yake."

Homa ikashuka. Asubuhi moja Kisa akahisi nguo imelowa kifuani. Akacheka huku analia.

Siku ya kuondoka ikafika. Kwa desturi ya ukoo wa Kisa, mtoto aliyeponea chupuchupu hupewa jina la aliyemrudisha, jina moja tu, na mwenye jina huwa mama yake wa pili maisha yote.

"Mama zangu," akasema Kisa, "sina ndugu wa kumpa mwanangu isipokuwa ninyi. Nisaidieni. Nimwite nani?"

"Jina ni langu, hakuna mjadala," akacheka Tumpe. "Nani alinyonywa hapa? Mwanangu mwenyewe amekonda kwa ajili yake."

"Ng'ombe wa kuazima wewe!" Bibi Subilaga akamtania. "Leo maziwa yako yanavuka mto pamoja nawe. Mtoto angebaki na nini? Mimi nimemwachia mama yake."

Lugano alikuwa akifunga mizigo. "Mimi nilikula wali tu," akasema, wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Lakini ninyi mnarudi na sifa. Mimi narudi kuketi benchi la nyuma. Nisingekula, Tumpe angemnyonyesha nini? Na wewe Bibi, ungemweka mtoto gani kifuani kwa mama yake?"

Nje, dereva wa lori la kuwarudisha Kyela akapiga honi.

Kisa akampakata binti yake, ameshiba, amelala kwenye ziwa la mama yake. Akawatazama wale watatu, mmoja baada ya mwingine, jina ni moja, mama ni watatu.

Ninyi mliosikia yote haya, msemeeni kabla lori halijaondoka: mtoto aitwe nani?