Ufagio wa Subilaga

Ufagio wa uani hauendi shambani. Ndivyo mama yenu alivyomwambia jirani leo asubuhi, nanyi mkacheka mkidhani anamtania. Hakuwa anatania. Sogeeni hapa, na mmoja wenu anisaidie kuchambua haya maharage, maana mimi siwezi kusimulia mikono ikiwa imelala. Maneno yale yana mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni huu.

Kokoa ilipokuwa bado ngeni kule Kyela, aliishi mwanamke kijana jina lake Subilaga. Aliolewa na Angolwisye, mwana wa pili wa mzee Mwandemele. Wanyakyusa wa huko hawana mchezo na ua wa nyumba. Mwanamke huamka akashika ufagio kabla hajawasha moto, na mgeni akipita huisoma tabia ya nyumba pale chini, kwenye mistari iliyoachwa na njukuti za ufagio. Subilaga aliwazidi wote. Ungemwaga unga uani kwake, ungeuzoa wote usikute chembe ya mchanga. Mama mkwe wake alimpenda sana kwa hilo. Akifika kisimani huwaambia wenzake, "Mimi nimepata mkwe. Ninyi mmepata walaji."

Angolwisye alipokwenda Tukuyu kufanya kibarua kwenye mashamba ya chai, mzee Mwandemele aligawa kokoa yake pande mbili. Upande wa mtoni alimpa mwanawe mkubwa, Gwamaka, na mkewe Tumpe. Upande wa barabarani alimpa Subilaga autunze mpaka mumewe arudi. Subilaga alifurahi hata chakula kikamshinda. Tangu azaliwe hakuwa na kitu alichoweza kusema, hiki changu. Akaapa moyoni kwamba atalitunza shamba lile mpaka wapita njia wasimame.

Na alilitunza kwa kitu alichokijua vizuri kuliko vyote: ufagio.

Mkokoa ni mti wa kivulini, hukaa chini ya migomba, nao hudondosha majani mapana siku zote. Majani hayo hulaliana, magogo ya migomba iliyokatwa huozea humo humo, maganda ya matunda nayo huvunda. Subilaga alivizoa vyote akavichoma moto. Chini ya mikokoa yake pakawa sebule. Watu walisimama kweli barabarani, wakatikisa vichwa kwa kustaajabu, naye akazidi kufagia.

Matunda aliyoyakuta yalivunwa. Halafu mikokoa ikachanua tena. Msifikiri mkokoa huchanua kwenye ncha za matawi kama mlimau. Ua lake hutoka kwenye shina lenyewe, jeupe, dogo kama kifungo cha shati la mtoto. Mashina ya Subilaga yalijaa maua mpaka ikapendeza kuyatazama. Lakini leo ua liko mtini, kesho liko chini, na Subilaga analifagia pamoja na majani. Msimu ukaisha. Matunda aliyopata hayakujaza kikapu.

Upande wa Tumpe ulikuwa jalala tupu. Ukiingia, mguu unazama mpaka kifundo, na harufu ya migomba iliyooza inakupokea mlangoni. Lakini matunda! Yalining'inia kuanzia magotini mpaka juu ya kichwa.

"Dada Tumpe," Subilaga alimwambia siku moja wakiwa mpakani, kwa wivu uliovaa nguo ya utani, "humu unalima kokoa au unafuga nyoka?"

Tumpe alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyependa kuinama. "Nafuga nyoka, mdogo wangu," akajibu. "Na kila nyoka ananitagia tunda. Wewe usiye na nyoka umetagiwa nini?"

Maneno hayo yalimwingia Subilaga kama mwiba. Yaliyofuata yalikuwa makali zaidi, kwa kuwa Gwamaka alianza kusema mbele za watu, "Mikokoa imeukataa mkono wa yule mwanamke. Msimu ujao ikiwa mitupu tena, nawaita wazee wa ukoo waje waone kwa macho yao. Shamba lirudi kwa anayeliweza." Subilaga alipozisikia habari hizo alikaa jikoni muda mrefu, chungu kikaungua. Angolwisye akirudi atamwambia nini? Kwamba alichoachiwa amekipoteza, umebaki ua wa nyumba tu? Akaamua kuongeza bidii. Na bidii kwake ilikuwa nini? Kufagia asubuhi na jioni.

Hapo ndipo yalipoanza mambo ya ajabu. Akiamka akifika shambani, anakuta mtu amemwekea gogo la mgomba lililooza, limelazwa katikati ya mikokoa. Analivuta, analitupa mbali, anafagia. Kesho anakuta mawili, na rundo la maganda juu yake. Akasimama pale mikono kiunoni akapiga kelele ili asikie yeyote aliyejificha:

"Wewe unayenitupia uchafu, nakuombea miguu ikuoze! Huna kwenu? Huna shimo la taka?"

Magogo yakaendelea kuja. Alikuwa na hakika ni Tumpe, ametumwa na mumewe ili wazee wakija wakute shamba chafu.

Sasa niwaeleze desturi moja, msije mkapotea. Enzi hizo kwa Wanyakyusa, mke wa mwana hakuonana ana kwa ana na baba mkwe wake. Hakumsemesha, hata jina lake hakulitaja. Wakikutana njiani, mwanamke hujifunika kanga akachuchumaa pembeni akiwa amempa kisogo, na mzee hupita akitazama mbali. Haikuwa chuki. Ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo tangu aolewe Subilaga hakuwahi kusikia neno moja la mzee Mwandemele likielekezwa kwake, ingawa nyumba zao zilitazamana.

Alfajiri moja, giza likianza kupauka, Subilaga alijibanza nyuma ya mgomba akiwa na mchi wa kinu mkononi. Leo Tumpe atanitambua, alijisemea. Akasikia majani ya njiani yakivunjika. Mbwa akatangulia, na nyuma yake akatokea mtu ameinama chini ya gogo la mgomba begani. Hakuwa Tumpe. Alikuwa mzee Mwandemele mwenyewe.

Mchi ulimponyoka Subilaga ukaanguka puu! Akavuta kanga mpaka usoni, akachuchumaa, akageuka. Mzee naye aliposikia kishindo na kuona pindo la kanga, alitua gogo, akageuka upande wake. Wakabaki hivyo, migongo ikitazamana, na mbwa katikati hajui amfuate nani.

Mzee akakohoa.

"Watasema," akamwita mbwa wake, maana ndilo jina alilompa. "Wewe mbwa una akili?"

Mbwa akatikisa mkia.

"Kama unazo, nisikilize. Nilikuwa na neno la shamba hili. Nilimwambia mama wa nyumba yangu alifikishe, akaniuliza kama nataka mkwe wake aitwe mchafu. Nikamwambia Gwamaka, akacheka, akalikalia. Angolwisye yuko mbali. Nikaona basi, magogo yaseme badala yangu. Nayo hayakusikilizwa. Nimebaki na wewe."

Subilaga alihisi masikio yakiwaka moto ndani ya kanga.

"Ua la kokoa, Watasema, nyuki haingii. Mlango wake ni mdogo mno. Anayeingia ni kisubi, hawa wadudu wadogo wanaokusumbua masikioni. Mpaka kisubi atoke ua la mti huu aingie la mti ule, ndipo tunda linashika. Asipoingia, ua linaanguka. Na visubi hawashuki kutoka mbinguni. Wanazaliwa kwenye gogo bovu na majani yenye unyevu. Mimi mikokoa hii nimekaa nayo tangu miche, nimewaona wakitoka na wakiingia. Sasa mtu akiifagia nyumba ya visubi akaichoma moto, maua yake yatatembelewa na nani?"

Subilaga hakuruhusiwa kumjibu. Lakini moyo ulikuwa umejaa, akaona kwamba kama mbwa anaweza kusemeshwa na mmoja, anaweza kusemeshwa na wawili.

"Watasema," akasema kwa sauti ndogo, "huyo anayeleta magogo, anajua nilivyomtukana?"

"Watasema," mzee akajibu, "mwambie mwenye kuuliza kwamba yote yalisikika mpaka kwangu. Lile la miguu kuoza lilinichekesha. Ilikwisha kuoza zamani, kwa fangasi za mashamba ya mpunga."

Subilaga alicheka akajiziba mdomo kwa kanga. Mzee akampigia mbwa mluzi, akaenda zake bila kugeuka.

Alipobaki peke yake, Subilaga alilisogelea gogo akaliinua kidogo. Visubi wakapaa kama moshi mwembamba. Mmoja alizunguka, akatua kwenye shina la mkokoa, akatambaa mpaka kwenye ua, akapotea ndani. Subilaga alisimama akisubiri mpaka akamwona anatoka. Hakufagia siku ile. Alikwenda moja kwa moja mpakani.

"Dada Tumpe, naomba uniazime uchafu."

Tumpe alicheka mpaka akaketi chini. "Chukua, mdogo wangu! Tangu nizaliwe sijawahi kuombwa hiki."

Subilaga akabeba magogo, akatandaza majani, akarudisha maganda. Maua ya msimu ule yalipotoka, mengine yalianguka kama kawaida yake, lakini mengi yalishika, na mashina yakaota vitunda vya kijani, kwanza kama vidole, halafu kama mahindi machanga.

Gwamaka alikuwa bado ameshika neno lake. Alikuwa akiliona jalala lile jipya akiwa barabarani, akadhani Subilaga amekata tamaa; hakuingia ndani kutazama mashina, akawaita wazee wa ukoo. Siku moja kabla ya kuja kwao, mama mkwe alifika mbio, ufagio mkononi.

"Subilaga! Wazee wanakuja kesho, na wewe umeacha shamba kama pango la fisi? Nimekusifu kisima kizima, leo unataka nikachote maji wapi? Toka hapo nikusaidie!"

Akainama, akavuta ufagio mara moja. Majani yakaruka, na visubi nao wakaruka. Subilaga aliona msimu wake wote ukiondoka mbele ya njukuti zile. Kumzuia mama mkwe ni jambo zito. Akapiga magoti, akaushika ufagio kwa mikono miwili.

"Mama, nisamehe. Ua wa nyumba nitaufagia mpaka ung'are kama kioo. Lakini ufagio wa uani hauendi shambani."

"Unanishikia ufagio? Mimi?"

"Naushika, mama. Tazama mtini kwanza, ndipo utazame chini."

Mama mkwe aliinua macho kwa hasira. Hasira ikafika kwenye shina la kwanza, ikapungua. Ikafika la pili. Alipofika la tatu alikuwa ameuachia ufagio, anapapasa matunda kwa viganja kama mtu anayepapasa vichwa vya wajukuu. Nyuma ya migomba mtu alisikika akicheka hadi akakohoa.

"Wewe mzee, unacheka nini huko?" mama mkwe akauliza.

"Namcheka mbwa," ikajibu sauti.

Kesho yake wazee waliingia, miguu ikazama majanini, wakatazama mashina, wakatazamana. Gwamaka akarudi nyuma yao. Mzee mmoja, mtu wa adabu, aliinama aondoe gogo bovu lililokuwa njiani. Mama mkwe akamrukia.

"Liache hapo! Hujui kwamba ufagio wa uani hauendi shambani?"

Shamba likabaki mkononi mwa Subilaga. Angolwisye aliporudi kutoka Tukuyu alikuta wavunaji wamejaa humo, na mama yake amekaa juu ya gogo lililooza akiwasimulia kisa, kana kwamba maneno yale aliyatunga yeye.

Basi kilichomponza Subilaga hakikuwa uvivu wala ubaya. Ulikuwa wema wake mwenyewe, ameupeleka mahali usipohitajika. Ndiyo maana jirani yetu, aliyetaka kufyeka kila ua la porini linaloleta nyuki kwenye maboga yake ili papendeze, mama yenu hakumgombeza. Alimwambia tu: ufagio wa uani hauendi shambani.