Maji ya Kumwosha Bi Siwema

"Maji yasiyomfaa maiti, aliye hai hayamfai." Mmenisikia nikimwambia hivyo yule aliyetaka kutuuzia unga wenye fukusi, mkacheka, mkaniuliza msemo huo nimeutoa wapi. Haukutoka mbali, wajukuu zangu. Ulizaliwa hapa hapa Kilongoni, nami nilikuwepo. Ndoo ya nyumba yetu niliibeba mimi.

Juu ya mto wetu, kule mjini, kuna mabwawa matatu ya kusafishia majitaka. Maji ya vyooni huingia la kwanza yakatuama, yakapita la pili, yakapumzika la tatu, ndipo yakaachiwa mtoni. Zamani yalitoka yamesafika, nasi huku tuliyanywa na kuvundika mihogo humo. Kisha mji ukafura, mabwawa yakajaa tope. Wakubwa, badala ya kulizoa, wakachimba mfereji wa kukatisha, kutoka bwawa la kwanza moja kwa moja hadi mtoni. Mto ukawa mweusi, wenye povu. Kambare wakaelea matumbo juu. Mihogo ikatoka inanuka choo, na watoto wakaanza kuhara.

Msimamizi wa mabwawa alikuwa Hemedi, mzaliwa wa hapa, mtoto wa pekee wa Bi Siwema. Tulipomwendea alituambia, "Mama zangu, maji yamepimwa. Hiyo ni rangi tu."

Wengine tukaanza kuteka kisima cha mbali, kule bondeni. Bi Siwema alikataa. Aliendelea kunywa ya mtoni, akisema, "Anayeyalinda ni mwanangu. Atanipa sumu?"

Masika yale akashikwa na kuhara, akakauka kama jani la mgomba. Akafa.

Ada yetu, maiti huoshwa kwa maji ya mto, na kila nyumba huleta ndoo moja, hata nyumba iliyogombana na marehemu. Tukazipanga ndoo nje ya pazia. Mwosha maiti wetu, Bi Mwanamkasi, alikuwa ameshaponda majani ya mkunazi. Ndipo gari la Hemedi likafika, akashusha madumu ya maji ya bomba, meupe kama machozi.

Bi Mwanamkasi akatoka nje.

"Haya ya nini, baba?"

"Ya kumwoshea mama, bibi."

"Na ndoo hizi huzioni?"

Hemedi akazitazama, akainamisha kichwa. "Hayo hayafai."

"Hayafai kwa lipi? Hiyo ni rangi tu."

Watu wa jamvini wakageuka kumtazama Hemedi.

"Bibi, usinifanyie hivi leo. Huyu ni mama yangu."

"Alikuwa mama yako hata alipokuwa akiyanywa. Aliyanywa kwa jina lako, Hemedi, na wewe ulikuwa unajua." Akaisogeza ndoo moja kwa mguu hadi mbele yake. "Maji yasiyomfaa maiti, aliye hai hayamfai."

Hemedi akakaa chini, palepale kwenye tope.

Bi Mwanamkasi aliyachukua madumu, maana maiti hana kosa. Alimwosha Bi Siwema taratibu, kidole kwa kidole. Lakini zile ndoo hakuna aliyezimwaga.

Wanaume wakirudi kutoka makaburini, ada ni kuosha majembe kwanza mtoni. Siku ile hawakuyaosha. Wakashika njia ya mjini hivyo hivyo, udongo wa kaburi ungali umeganda, na Hemedi kati yao na jembe lake. Sisi wanawake tukajitwika ndoo, tukawafuata kuyarudisha maji yalikotoka, kule bwawani. Majembe yaliyomfukia Bi Siwema ndiyo yaliyoufukia mfereji.

Bwawa likafurika, mji ukanuka, na wakubwa wakaja juu. Haukupita muda matingatinga ya kuzoa tope yakaonekana. Kumbe yalikuwepo.

Hasira yangu haijaisha, na sitaki iishe. Kwa hiyo mtu akiwaletea kitu ambacho hawezi kumwekea mama yake, msimwulize kimepimwa na nani. Mtazameni usoni mumwambie: maji yasiyomfaa maiti, aliye hai hayamfai.