Kigingi Kimoja, Vijiji Vitatu

Anayetafuna muwa ateme kwanza. Hadithi hii ina swali mwishoni, na sitaki kujibiwa na mdomo uliojaa.

Palikuwa na mwanamume aitwaye Sekibaha, asiyekuwa na kipaji chochote. Simsengenyi, ndivyo alivyokuwa. Kulima kulimchosha, duka lilimfia mkononi, akaona kilichobaki ni ubunge. Jimbo lake lilikuwa na vijiji vitatu vilivyouzunguka mto mmoja, na hospitali ilikuwa mwendo wa kutwa nzima. Katika kila kijiji palikuwa na mtu mmoja mwenye kile alichokikosa Sekibaha.

Kijiji cha Msagasi kilikuwa na Hoza, mwenye nguvu. Siku ya mwisho ya kurudisha fomu za kugombea, mto ulifurika, na mwisho wa kupokea fomu ulikuwa saa kumi. Sekibaha akakaa ukingoni akilia kama kifaranga. Hoza akamwambia, "Vua viatu, Mheshimiwa."

"Sijawa Mheshimiwa bado."

"Ndiyo maana nakwambia uvue."

Akampakia mgongoni, fomu ameing'ata kwa meno ndani ya mfuko wa nailoni, akaingia majini. Katikati ya mto gogo likampiga nyongani. Hoza hakumtua mtu wake. Fomu ilifika saa kumi kasoro dakika tano. Ile nyonga haikupona. Kila masika inatunga usaha, na leo Hoza habebi mtu tena. Anabebwa yeye.

Kijiji cha Kwemkole kilikuwa na Bi Mwantumu, mwenye kumbukumbu. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake, na kwa miaka thelathini hakuna nyumba katika vijiji vile ambayo hakuyajua machozi yake. Kwenye kampeni watu walipiga miayo Sekibaha akiongea, mpaka Bi Mwantumu alipokaa nyuma yake akamnong'oneza, "Yule wa kanga ya kijani ni mama Salima. Salima alifia njiani, mimba ya kwanza."

"Mama Salima!" Sekibaha akaita. "Mimi Salima sijamsahau."

Hakuwahi kumwona huyo Salima hata kisogo. Lakini mama Salima alilia, akampa kura, akampa na uchaguzi uliofuata, na uliofuata tena. Mtu anayekukumbukia maiti wako humnyimi kitu. Bi Mwantumu alijua anafanya uongo. Alimuosha bintiye mwenyewe, Hidaya, aliyekufa na mtoto tumboni baada ya mkokoteni wa ng'ombe kukwama kwenye tope. Sekibaha alikuwa amemwahidi, "Nikipita, Bi Mwantumu, hutaosha mzazi tena." Kwa neno hilo Bi Mwantumu alimwazima wafu wote.

Kijiji cha Bondeni kilikuwa na Mwalimu Kiluvia, mwenye maneno. Huko bungeni Sekibaha alijua mambo mawili, kugonga meza na kusinzia. Miaka kumi ikapita hivyo. Mwalimu akachana karatasi ya daftari, akamwandikia swali, akamfundisha kulisoma kama anavyofundishwa mtoto wa darasa la kwanza, kidole chini ya neno: "Je, ni lini Serikali itajenga zahanati katika jimbo langu?" Jibu likaja kwamba mchakato unaendelea. Mwalimu akaandika tena. Akaandika mara saba, naibu mawaziri wakibadilishwa kama mashuka. Mara ya saba wakachoka, wakatoa zahanati. Moja. Mwalimu hakutaka shukrani. Mkewe ana kisukari, na kila wiki humpakia nyuma ya baiskeli kwenda kufuata sindano, na mguu mmoja wa yule mama umeshaanza kuwa mweusi.

Basi siku ikafika. Sekibaha akaja na bwana ardhi na kigingi kimoja kilichopakwa rangi nyekundu kichwani, cha kuonyesha zahanati itajengwa wapi. Watu wa vijiji vyote wakakusanyika ukingoni mwa mto. Hoza aliletwa kwenye kitanda cha kamba. Sekibaha akamtazama, akatabasamu, kisha akarudisha sikio nyuma kama alivyozoea.

"Huyu nani?"

"Hoza," Bi Mwantumu akanong'ona. "Aliyekubeba."

"Aa! Hoza, ndugu yangu!"

Hoza alikuwa amesikia yote. "Uzito wako nausikia mpaka leo, Mheshimiwa. Wewe hata jina limekutoka?"

Watu wakacheka, kicheko kisicho na raha. Hoza akaendelea, "Ijengwe Msagasi. Bila mgongo wangu kusingekuwa na mbunge hapa."

"Mbunge angekuwepo," akasema Mwalimu Kiluvia, "angekuwa anasinzia. Bila swali langu mngekuwa mnagombania nini?"

"Na bila wafu wangu," akasema Bi Mwantumu, "hata kura ya mkewe asingeipata."

Sekibaha akawatazama watu, akahesabu vijiji, akaona akichagua kimoja anapoteza viwili. Akafanya alichofanya maisha yake yote. Akamkabidhi mwingine.

"Bi Mwantumu, wewe unawajua wote, wazima na waliokufa. Chomeka unapotaka." Akaenda kukaa ndani ya gari.

Kigingi kilikuwa chepesi. Bi Mwantumu akakigeuza mkononi, akamuuliza bwana ardhi, "Kujenga kwenyewe ni lini?"

"Mchakato unaendelea, mama."

"Kile cha shule pale Bondeni kina miaka tisa. Watu wanafungia mbuzi."

"Nakijua, mama. Lakini bila kigingi hata huo mchakato haupo. Nikiondoka nacho leo, zahanati inaenda jimbo jingine."

Bi Mwantumu akageuka. Kwenye mkeka alikaa Kidawa, binti yake aliyebaki, mimba ya miezi minane, mikono juu ya tumbo. Pembeni yake alikaa mke wa Mwalimu, mguu ameufunika kwa kanga ili nzi wasitue. Nyuma yao Hoza juu ya kitanda chake, na harufu ya nyonga yake.

Akili ya Bi Mwantumu ikaanza kazi iliyoizoea. Huyu nitamuosha mimi. Na huyu nitamuosha mimi. Yule watamuosha wanaume wenyewe. Aliwahi kuujua mwili wa Hidaya kwa namna ambayo mama hapaswi kuujua, na mkono wake ukaanza kuelekea Kwemkole wenyewe. Kisha akakumbuka kwamba zahanati haikutoka kwa wafu wake peke yao.

"Mama, fanya haraka," akasema Kidawa polepole. Hakusema wapi.

Dereva akawasha gari. Mzee mmoja akapaza sauti, "Kichomeke katikati, tuepushane ugomvi!"

Bi Mwantumu akamtazama kama anavyotazamwa mlevi. Katikati ya vijiji vile ni mtoni.

Haya. Mimi kigingi nimeshakichoka, kishike wewe. Gari linaunguruma, na wote watatu wanakutazama. Je, ungekichomeka kwa nani? Na ukishamtaja huyo mmoja, taja na wale wawili, uniambie maji ya kuwaoshea atayachemsha nani.