Nyanya za Nyuma ya Jiko

Basi bwana, Msagati, tajiri wa nyanya aliyejiona mjanja kuliko wote, alikuwa ametoka kupiga dawa shamba lake wakati Bi Sihaba, mama ntilie wa stendi, alipokuja kununua tenga moja.

“Hazina sumu hizi?”

“Hata tone! Chukua.”

“Ahsante. Mkeo kaniomba nikupikie kesho mchana. Nitakupikia hizi hizi.”

Msagati alimpokonya tenga, akakimbilia bustani ya nyuma ya jiko, isiyopigwa dawa, akamjazia jingine. Akajipongeza kwa kuliokoa tumbo lake.

Nyumbani mkewe alishangaa. “Mpishi gani? Mimi sijamwomba mtu.”

Kesho yake Msagati alikuta watu wamejaa kwa Bi Sihaba, chini ya kibao: “Tunapikia nyanya anazokula Msagati mwenyewe.”

Njaa ilikuwa inamuuma. Msagati akajicheka, akapanga foleni.